Kituo cha kompyuta cha shule kimefika usawa wa linta: tuanze kununua nini?

Swali

Ndugu zangu, salamu. Sisi ni wanakijiji tulioamua kuijengea shule yetu kituo cha kompyuta kwa nguvu zetu wenyewe. Kuta zimefika usawa wa linta, na mchanga, mawe na maji yote yamesombwa na wazazi. Umeme wa gridi haujatufikia, na mtandao wa simu hupatikana kwa kusuasua. Katika kikao cha mwisho kamati iligawanyika: wapo wanaotaka fedha iliyobaki inunue kompyuta ishirini za mezani zilizokwisha kutumika, ili wazazi waone mapema matunda ya jasho lao, na wapo wanaosema tuanze na umeme wa jua. Mimi ndiye katibu, nami nimeagizwa kupeleka hoja zilizopimwa. Je, tuanzie wapi, na ni jambo gani ambalo wengi hulisahau?

Jibu la kwanza

Ndugu Katibu, hongereni sana. Mimi ni fundi wa umeme wa jua, na ushauri wangu ni kwamba msinunue hata kompyuta moja kabla ya kupiga hesabu ya wati, kwa sababu aina ya kompyuta ndiyo itakayoamua ukubwa wa mfumo mzima.

Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake inaweza kula wati 100 hivi. Ishirini zikiwaka kwa saa nne zitatumia saa-wati 8,000 (yaani wati mara saa). Kompyuta mpakato hutumia wati 30 hivi, kwa hiyo ishirini kwa muda uleule zitatumia saa-wati 2,400 tu. Sasa itazameni betri: betri ya volti 12 yenye uwezo wa saa-ampea 200 huhifadhi saa-wati 2,400, lakini ikiwa ni ya risasi na asidi haifai kushushwa mara kwa mara chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Maana yake ni kwamba kompyuta mpakato zingehitaji betri mbili, na kwa kuwa inverta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, nayo hupoteza kiasi fulani cha umeme, ni busara kuweka tatu. Zile za mezani zingehitaji saba au zaidi. Bei nafuu ya mashine hizo kuukuu huishia kulipwa mara mbili kwenye betri. Vipindi vikipangwa mchana, jua likiwa kali, mzigo wa betri utapungua, ila msiyategemee hayo kwa siku za mawingu.

Kwa mashine zilizotumika kuna jambo jingine: tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea toleo linalofuata. Linux, mfumo endeshi unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ni bure na huendesha vizuri mashine za umri huo.

Jibu la pili

Nakubaliana na fundi, lakini mimi kama mwalimu naona hatari kubwa zaidi iko kwenye ufunguo. Nilifundisha katika shule ambayo chumba chake cha kompyuta kilikaa na kufuli karibu mwaka mzima, ilhali mashine zote zilikuwa nzima. Mwalimu pekee aliyezimudu alihamishwa, na aliyeachiwa ufunguo aliogopa kulaumiwa endapo kitu kingeharibika mikononi mwake. Watoto walikuwa wakichungulia dirishani, jambo ambalo linanisikitisha hadi leo. Nawasihi muwafundishe walimu watatu au wanne tangu mwanzo, pamoja na kijana mmoja au wawili wa hapo kijijini wasio na uhamisho, na kamati iandike wazi kwamba kuharibika kwa kifaa katika matumizi halali si kosa la mtu.

Kuhusu intaneti, msisubiri mnara. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, yenye kutumia wati chache mno, inaweza kuwa seva, yaani ghala la masomo, ya kuhudumia kompyuta za chumba kizima. Mkiweka programu ya Kolibri mtapata masomo na mazoezi, na programu ya Kiwix itawapa Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili, bila mtandao wa nje. Hata hivyo, masomo hayo yafungamanishwe na kile mwalimu anachofundisha darasani wiki hiyo. Peru iligawa kompyuta mpakato kwa mamia ya maelfu chini ya mpango wa One Laptop per Child, lakini tathmini iliyotolewa mwaka 2012 haikuona maendeleo ya maana katika hisabati wala lugha.

Katibu

Nashukuruni kwa dhati. Hesabu ya betri nitaisoma kikaoni kama ilivyo. Je, kwenye jengo lenyewe kuna la kurekebisha kabla ya kupaua?

Jibu la tatu

Lipo, tena la haraka. Chini ya bati wekeni dari, kwa sababu joto hufupisha maisha ya betri, na betri za risasi na asidi zipewe chumba chake chenye matundu ya hewa, maana hutoa gesi inayoweza kulipuka zinapochajiwa. Nondo za madirisha zifungwe kabla ya kifaa chochote kuingia. Mabomba ya kupitishia nyaya yatangulie lipu, na fimbo ya waya wa ardhini, ambayo ni sehemu ya kinga yenu dhidi ya radi, ichimbiwe sasa kabla sakafu haijamwagwa zege.