Harufu ya oili kuungua baada ya kubadilisha oili: tupeane uzoefu

Gurudumu la Akiba
Wakuu habari zenu. Juzi nimebadilisha oili na filta, gari ikatoka gereji imetulia kabisa. Jana nimesimama kwenye taa za barabarani, ikaingia harufu kali ya oili inayoungua mpaka nikashusha vioo vyote. Nikiondoka inapotea, nikisimama inarudi. Nimefungua boneti nikaona uzi mwembamba wa moshi unapanda upande wa eksozi, baada ya dakika chache ukakata. Fundi nimempigia, anasema "ni oili iliyodondoka wakati wa kumwaga, itaungua iishe." Sina amani, kwa sababu kaka yangu aliambiwa maneno hayohayo na injini yake haikufika mwisho wa wiki. Yaliyokukuta, tafadhali andika ulichokikuta hasa.

Mpole wa Njia
Ilinikuta. Siku tatu ikaisha yenyewe. Usihangaike.

Jicho la Tatu
Kwangu pia iliisha.

Spana 14
Mimi ni fundi. Mkuu, fundi wako anaweza kuwa sahihi, lakini hakuna fundi wa kujua hilo kwa simu. Filta ikifunguliwa huwa bado ina oili ndani. Kwenye gari nyingi filta imelala ubavu au iko juu ya bomba la eksozi, kwa hiyo hata ukiwa mwangalifu vipi kuna oili itateleza kwenye bloki, yaani mwili wa injini, na kuangukia bomba au lile bati la kukinga joto. Eksozi karibu na injini ikifanya kazi nzito inapita nyuzi 400, na oili inaanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi 200 na kitu. Ndiyo moshi uliouona.

Na kwa nini unaisikia ukisimama tu: hewa inayoingia ndani ya gari inavutwa chini ya kioo cha mbele, pale boneti inapoishia. Ukitembea, upepo unauondoa ule moshi kabla haujafika. Ukisimama unapanda na unavutwa ndani.

Sasa kabla ya kuamini chochote, pima oili. Gari iwe sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kumi, chomoa dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili), futa, rudisha, chomoa tena. Andika iko wapi. Kesho asubuhi pima tena. Usiku weka kadibodi safi chini ya injini. Iliyomwagika mara moja inaisha na harufu inapungua kila siku. Inayovuja, harufu inazidi na dipstiki inashuka. Hakikisha pia kifuniko cha kujazia oili kimefungwa na dipstiki imekaa mpaka chini.

Mama Wawili
Huu mjadala umenitetemesha. Naomba mnisome hata kama ni ndefu.

Nilibadilisha oili asubuhi, jioni nikaanza safari na wanangu wawili wamelala kiti cha nyuma. Dakika kama 40 barabarani nikasikia harufu. Mbele yangu kulikuwa na lori bovu linatoa moshi, nikajua ni lile. Nikabonyeza kile kitufe cha kuzuia hewa ya nje, harufu ikapungua, nikaendelea. Hicho kitufe najuta nacho mpaka leo, maana harufu ilikuwa inaniambia kitu na mimi nikaizimisha.

Lori likakata kona likaenda zake. Harufu ikabaki. Nilipoingia kwenye kona kali ile taa nyekundu ya presha ya oili, yenye alama ya birika, ikawaka mara moja ikazima. Kona ya pili ikawaka tena. Giza, peke yangu, watoto wamelala, mbele naona taa za kituo cha mafuta. Nikasema nifike pale. Kabla sijafika ikawaka moja kwa moja na injini ikaanza kugonga, ka-ka-ka-ka, kama mtu anapiga bati kwa nyundo kutoka ndani. Halafu moshi ukatoka pembeni mwa boneti, kioo chote cha mbele kikawa cheupe.

Nilizima, nikawatoa watoto mmoja mkono huu mwingine mkono huu, viatu vyao vikabaki ndani. Dereva mmoja mzee akasimama na mtungi wake wa kuzimia moto wa unga. Mimi nilikuwa nakimbilia boneti kuifungua, akanivuta mkono: "Usifungue mwanangu, ukifungua unaipa hewa." Akavuta kile kishikio cha boneti cha ndani ya gari tu, boneti ikaachia kidogo, akasikiliza, akanusa, akangoja. Moto haukuwaka, Mungu mkubwa. Kulipopoa tukamulika tochi chini. Oili kutoka kwenye filta mpaka bampa ya nyuma. Hata kioo cha nyuma kilikuwa na matone.

Kesho yake fundi mwingine akafungua filta mpya mbele yangu. Kulikuwa na ringi mbili za raba. Ringi ya filta ya zamani ilikuwa imebaki imeng'ang'ania kwenye bloki, nyeusi, bapa, inang'aa, na filta mpya imekazwa juu yake. Gereji ilionekana iko sawa kabisa. Barabarani presha ya oili ilipopanda, raba mbili zikatelezana, moja ikachomoka pembeni. Krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, ilikuwa imekwanguka, injini nzima ikafunguliwa. Ile ringi ninayo, iko kwenye bahasha kwenye droo ya gari. Kila nikibadilisha oili naishika kwanza.

Jicho la Tatu
Pole sana mama. Nimesoma nikatoka kwenda kuangalia filta yangu.

Mpole wa Njia
Mama Wawili naondoa ile "usihangaike" yangu. Sikujua.

Fundi Mkongwe
Pole dada. Ila tatizo hapo ni filta kukazwa kwa mkono. Filta kaza na spana ya mnyororo, haitoki. Nina miaka 22 nafanya hivyo.

Spana 14
Mzee wangu nakuheshimu lakini hapo hapana. Ringi ipake oili mpya, zungusha kwa mkono mpaka iguse bloki, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Filta nyingi zimeandikwa hivyo ubavuni. Ukiikaza na mnyororo na ringi kavu, joto linaigundisha. Atakayekuja kuifungua ataipiga bisibisi itoboke, itoke kwa nguvu, na ringi ibaki kwenye bloki. Ndivyo yanavyoanza ya huyu mama.

Fundi Mkongwe
Anayeacha ringi kwenye bloki ni mvivu wa kufuta. Usilaumu mnyororo.

Spana 14
Nalaumu vyote viwili.

Mama Wawili
Ndugu zangu, mnabishania mkono na mnyororo. Mimi naomba mmoja tu anijibu: nikiwa pale gereji, mtu nisiyejua injini, nilitakiwa niombe nini?

Fundi Mkongwe
Swali la haki. Mwambie fundi: "Nionyeshe filta ya zamani." Igeuze, angalia mdomoni. Ringi iwepo kwenye mfereji wake. Kama haipo, iko kwenye gari yako. Hapo tumekubaliana na huyu kijana.

Spana 14
Hapo tumekubaliana. Na ongeza: injini iwashwe dakika mbili tatu, fundi alale chini amulike filta na nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) kabla hujaondoka.

Kasa Mwendo
Kwangu ilikuwa oili kuzidi. Fundi alimimina galoni yote ya lita nne, injini yangu inakula tatu na kidogo. Harufu ilikuja na moshi wa bluu nyuma asubuhi nikiwasha. Oili ikizidi sana krenki inaipiga kama mtu anayepuliza sabuni, inakuwa povu, na povu halilainishi chuma. Ile nyingine inasukumwa kwenye mpira wa kupumulia injini, inaingia njia ya hewa na kuungua. Tulipunguza mpaka alama ya juu, siku mbili moshi ukakata.

Bega kwa Bega
Kuzidi kidogo hakuna shida jamani, msitishane.

Kasa Mwendo
Kidogo ni milimita juu ya alama. Yangu ilizidi karibu lita nzima.

Upepo wa Asubuhi
Chukua petroli kwenye kitambaa ufute eksozi yote, harufu inakwisha siku hiyohiyo.

Spana 14
USIFANYE HIVYO. Mvuke wa petroli unawaka kwa cheche tu ya betri. Tumia dawa ya kusafishia breki, injini iwe baridi kabisa, tangu jana yake, nje penye upepo, na ngoja ikauke ndipo uwashe.

Upepo wa Asubuhi
Nimefanya mara nyingi na sijawahi kupata tatizo.

Mama Wawili
Kaka, mimi nilibadilisha oili mara nyingi na sikuwahi kupata tatizo, mpaka siku ile. Tafadhali acha.

Bega kwa Bega
Na kumwagia maji?

Fundi Mkongwe
Eksozi ikiwa ya moto, hapana. Chuma chake kikipozwa ghafla kinaweza kupasuka. Na maji yakiingia kwenye koili na plagi utaanza tatizo jingine.

Nyota ya Mlango
Yangu ni tofauti na nyie wote. Oili ilikuwa sawa, lakini siku ya pili gari ikawa inapiga kelele nyembamba na kuvuta kwa uzito, na harufu ya kuungua. Fundi alifungua nati ya gia boksi akidhani ni ya injini, kwa kuwa zote mbili ziko chini na zinafanana. Akamwaga oili ya gia, halafu akajaza injini juu ya oili ya zamani. Injini ikawa na oili maradufu, gia boksi kavu. Kilichoniokoa ni dipstiki, oili ilipita alama ya juu kwa kidole kizima. Nikaita gari la kuvuta, sikuliendesha hata mita moja.

Jicho la Tatu
Nilikuwa sijui hata kama inawezekana.

Fundi Mkongwe
Inawezekana sana. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi. Ikitoka nyekundu au ina rangi nyingine safi, simama hapohapo.

Pamba Nyeupe
Wiki mbili natafuta uvujaji ambao haupo. Mwisho tukaona mfuko wa plastiki umeyeyuka kwenye bomba la eksozi, nimeuokota barabarani siku ileile niliyotoka gereji. Harufu ya plastiki na oili ukiwa umeshaogopa ni ngumu kuzitofautisha. Rafiki yangu alikuta kitambaa cha fundi kimesahauliwa juu ya injini, kimeungua kona moja. Kwa hiyo angalia na macho, msiishie kunusa.

Spana 14
Kweli. Na ikiwa harufu ni tamu tamu, hiyo ni kulanti ya rejeta, yaani maji ya kupoza injini. Ikifanana na karatasi inayoungua baada ya kupanda mlima, angalia klachi. Zote hizo watu wanaziita "oili".

Gurudumu la Akiba
Wakuu nimerudi. Kwanza Mama Wawili, baada ya kusoma yako sikuiwasha gari tena mpaka nimepima.

Dipstiki iko katikati ya alama mbili, asubuhi mbili mfululizo haijasogea. Kadibodi usiku wa kwanza ilikuwa na matone mawili, usiku wa pili kavu. Nilirudi gereji kwa miguu, filta yangu ya zamani bado ilikuwa kwenye pipa lao. Nikaigeuza. Ringi ipo. Nilikaa chini pale pale kwa muda, miguu haina nguvu.

Kisha nikarudi na fundi kwenye gari, tukafungua lile bati la kukinga joto. Ndani yake kulikuwa na oili imetuama kwenye mkunjo, kama kijiko kizima, na pembeni yake imeshakauka ikawa rangi ya kahawia. Tumefuta, harufu imepungua sana.

Ila tulipokuwa tunamulika, fundi akapitisha kidole nyuma ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, kona ambayo huioni ukisimama mbele ya gari. Kidole kikatoka na oili yenye vumbi lililogandamana, nene kiasi kwamba ukiikwangua inatoka kipande. Hiyo haijaanza juzi. Kwa jinsi ilivyo inaelekea kushuka palepale kwenye eksozi.

Spana 14
Vumbi likishikana hivyo ni la miezi. Gasketi ya tapeti kava imekakamaa. Badilisha yote, usipake silikoni juu ya ya zamani. Safisha hiyo kona kwanza, endesha siku mbili, umulike tena ujue inatokea wapi hasa.

Gurudumu la Akiba
Sawa mkuu. Nimeshaisafisha leo. Kadibodi mpya iko chini, Jumamosi tunafungua.

Mama Wawili
Usisafiri nayo mbali kabla ya Jumamosi.

Gurudumu la Akiba
Sisafiri dada.