Mzee ako ICU baada ya opareshen ya moyo na anaongea vitu hatuelewi, naomba ushauri

Wadau habari, niko Kisumu. Mzee wetu alibadilishwa valvu ya moyo juzi, mashine ya kupumua walishatoa, mipira ya kutoa damu na maji kifuani bado iko na presha wanasema iko sawa. Shida ni usiku, anang'ang'ana kung'oa drip na kusema kuna mbuzi kwa dari. Daktari anasema ni kuchanganyikiwa kwa muda, huwapata wengi hasa wazee, tumpelekee miwani yake na tumkumbushe leo ni siku gani. Shangazi naye anasema amerogwa, hiyo sitaki hata kusikia.

Mliouguza mtu hivi, iliisha baada ya muda gani? Na akianza warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo mboga za kijani huweza kuipunguza nguvu), sukuma na kunde mlipunguza ama mlimpa kiasi kile kile kila siku?