Linux: ./configure inagoma, nisaidieni

Mwanaujiji
Wakuu, habari za jioni. Niko Ujiji, ndiyo kwanza naanza Ubuntu, laptop ya RAM GB 2. Nimepakua msimbo chanzo wa nano (programu ya kuandikia maandishi), faili la .tar.xz. Nikilibofya naona mafolda tu. Nikiandika `configure` kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) naambiwa "command not found". Nakosea wapi? Bando lenyewe dogo.

Nyuki_Tabora
Mkuu, kwanza ujue umesimama wapi. `pwd` inataja folda uliyomo, `ls` inaonyesha vilivyomo, `cd` inakuhamisha. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili: Downloads siyo downloads. Andika mwanzo wa jina kisha bonyeza Tab, litajimalizia.

```
cd ~/Downloads
tar -xf nano-*.tar.xz
cd nano-*/
./configure --prefix=$HOME/.local
```

Ulichoacha ni ile nukta na mkwaju. Hiyo configure inakagua kama kompyuta ina vinavyohitajika; --prefix inasema programu iwekwe wapi, hapa ni ndani ya folda yako ya nyumbani. Terminali hutafuta amri kwenye folda zilizo kwenye orodha iitwayo PATH tu, na folda uliyomo haihesabiwi mpaka uitaje.

Itagoma tena kama huna kompaila (kinachogeuza msimbo kuwa programu). Ilete kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu; sudo inaipa amri ruhusa ya msimamizi:

```
sudo apt update
sudo apt install build-essential libncurses-dev
```

build-essential inaleta gcc, ndiyo kompaila, na make inayoiendesha. libncurses-dev ndipo wengi wanapokwama: ncurses, maktaba ya kuchora kwenye terminali, tayari unayo, ila mafaili ya .h anayoyasoma kompaila yamo kwenye kifurushi chenye -dev. Paswedi haitaonekana ukiiandika, usishtuke. Apt ikihitaji kuongeza vifurushi vingine itakutajia ukubwa wa kupakua kabla ya kuendelea; bando halitoshi, jibu n.

Kama configure iligoma, irudie. Halafu `make`, kisha `make install`. Sudo ya nini wakati unaweka nyumbani kwako? Toka kwenye akaunti uingie tena, ndipo ~/.local/bin itaingia kwenye PATH.

FundiKibirizi
Naongezea. Kwa GB 2 andika `make` tupu. Ile -j8 ya kwenye video (kazi nane kwa mpigo), kwa programu kubwa za C++, inamaliza RAM, kompaila anauawa na mfumo, unaona "Killed" na hujui kosa ni lipi.

Umeme ukikatika usifute kitu. Rudi folda ileile, `make` itaendelea na yaliyobaki. Ikilalamikia faili fulani la .o (kipande kilichokwisha kugeuzwa), huenda liliandikwa nusu: `make clean`, anza upya.

Laptop kuukuu yenye betri ya mazabodi iliyokufa hurudisha saa nyuma miaka, na configure inakataa ikidai faili jipya ni la zamani kuliko yaliyokuja na msimbo. Rekebisha tarehe kwanza.

Ila kwa matumizi ya kawaida, nano ya apt inatosha kabisa. Hii ni ya kujifunzia.

Mwanaujiji
Imekubali! Nikitaka kuiondoa?

Nyuki_Tabora
Ingia folda ya msimbo, `make uninstall`. Kwa hiyo usiifute. Apt haijui kuwa umeiweka, `apt remove` haitaigusa.