Je, cheti cha kitaaluma cha mtandaoni kinaweza kunipunguzia krediti za shahada?

SWALI (kutoka Iowa, Marekani)

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, naishi Iowa na familia yangu na nafanya kazi ya ghalani zamu ya usiku. Nimemaliza cheti cha kitaaluma cha Google cha huduma za kiufundi za kompyuta kupitia Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, na muhula ujao ninaanza masomo katika chuo cha jamii, nikikusudia kusoma hapo miaka miwili kisha kuhamia chuo kikuu kukamilisha shahada ya teknolojia ya habari. Ukurasa wa cheti hicho unaeleza kwamba Baraza la Elimu la Marekani, yaani ACE, limependekeza kihesabiwe kuwa na krediti za chuo, yaani vipimo vya kiasi cha masomo aliyokamilisha mwanafunzi. Kwa kuwa shahada ya kwanza hapa kwa kawaida inadai krediti 120, hata chache zikipungua ni nafuu kubwa kwa mtu mwenye watoto. Hata hivyo, nilipomtumia mshauri wa masomo nakala ya cheti kwa barua pepe, alinijibu kwamba chuo hakipokei vyeti vya mtandaoni. Je, hilo ndilo jibu la mwisho? Na je, nianze cheti cha pili, cha uchanganuzi wa data, kabla muhula haujafunguliwa?

JIBU LA KWANZA (kutoka Maryland)

Dada yangu, hongera kwa kumaliza masomo hayo huku ukifanya kazi za usiku. Nafanya kazi katika ofisi ya msajili wa chuo, na maombi ya namna hii hupita mikononi mwangu kila muhula, kwa hiyo naomba nieleze kwa kirefu kidogo.

Cheti chenyewe hakina krediti ndani yake. ACE si chuo na haitoi krediti. Ilianza kutathmini mafunzo ya wanajeshi miaka ya 1940, na tangu 1974 imekuwa ikitathmini pia mafunzo yanayotolewa na makampuni na mashirika, kisha inapendekeza kila kozi ilingane na krediti ngapi na za ngazi gani. Chuo kinachokupokea ndicho kinachoamua kuukubali ushauri huo, kuukubali nusu, au kuukataa kabisa. Kwa hiyo mshauri wako anaweza kuwa anasema kweli kuhusu sera ya chuo chake. Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani ameona nakala ya cheti tu, na nakala ya namna hiyo hata mimi nisingeweza kuifanyia kazi.

Linalotakiwa ni transkripti ya ACE, yaani hati rasmi inayoorodhesha kozi na krediti zake. Ingia katika akaunti yako ya Coursera, fuata maelekezo ya kudai krediti za ACE, upokee beji yako, yaani uthibitisho wa kidijitali wa kozi, katika mfumo wa Credly, kisha kutoka huko uombe transkripti ipelekwe moja kwa moja kwenye ofisi ya msajili. Hakikisha jina lililo kwenye Coursera ni lilelile ulilosajiliwa nalo chuoni, maana wengi wetu tuna majina matatu yaliyopangwa tofauti katika kila hati, na hapo ndipo maombi hukwama. Angalia pia tarehe: pendekezo la ACE lina kipindi chake, na siku uliyomaliza kozi lazima iwe ndani ya kipindi hicho.

Kisha mwandikie msajili, si mshauri, umwulize mambo mawili. Kwanza, je, chuo kinapokea krediti zilizopendekezwa na ACE? Pili, na hili ndilo wengi hulisahau, zitaingia wapi katika programu yako? Krediti zikiwekwa kwenye masomo ya hiari wakati nafasi zako za hiari zimekwisha kujaa, zitaonekana kwenye transkripti lakini hazitakuondolea hata somo moja la lazima. Omba jibu kwa maandishi. Cheti cha pili usikilipie mpaka upate jibu hilo, kwa sababu kwa takriban dola 49 kila mwezi, miezi michache tu inatosha kumaliza fedha ya vitabu.

JIBU LA PILI (kutoka Dar es Salaam)

Naunga mkono maelezo ya ndugu wa Maryland, na ninaongeza mfano wa chuo ambacho hakimwachi mwanafunzi akisie. Shahada ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha London, iliyoanza kufundishwa kupitia Coursera mwaka 2019, inakitambua cheti hichohicho cha Google badala ya moduli (somo) moja inayojulikana, ile ya namna kompyuta zinavyofanya kazi. Moduli hiyo ni krediti 15 kati ya 360 za mfumo wa Uingereza. Ni kidogo, lakini unajua mapema unachokipata. Tahadhari tu, krediti za nchi moja si za nyingine: hapa Tanzania krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu ina krediti 360 pia, kwa hiyo mtu asilinganishe namba hizo na 120 za Marekani.

JIBU LA TATU (kutoka Texas)

Dada, mimi ni wa Goma, nami nakushauri ukiache cheti cha data kwa sasa. Kama ulisoma shule kwa Kifaransa, unayo hazina ambayo bado hujaigusa. Mitihani ya CLEP, ambayo humwezesha mtu kupata krediti kwa anachokijua tayari bila kusoma kozi, inatolewa na shirika la College Board na ina mtihani wa lugha ya Kifaransa, na ACE inapendekeza krediti 6 kwa anayepata alama 50, na krediti 9 kwa anayefikia 59. Vyuo vingi vya hapa vinaifahamu CLEP tangu miaka ya 1960, kwa hiyo msajili hatahitaji kufikiri sana kama anavyofikiri juu ya cheti cha kampuni. Lipo pia shirika la Modern States, ambalo hukupa kozi ya maandalizi bila malipo, na ukiimaliza unaweza kupata vocha ya ada ya mtihani. Uliza kwanza kama programu yako ina nafasi ya lugha ya kigeni au somo la hiari.

MUULIZAJI

Asanteni sana, ndugu zangu. Sikujua kwamba Kifaransa changu kinaweza kuhesabiwa. Leo nitaomba transkripti kupitia Credly na kumwandikia msajili. Nina swali moja lililobaki: chuo cha jamii kikizikubali krediti hizi, je, chuo kikuu nitakachohamia baadaye kitalazimika kuzipokea?

JIBU LA KWANZA (kutoka Maryland)

Hapana, dada. Chuo kikuu kinaweza kuzitathmini upya kuanzia mwanzo, na kingine kitaitaka transkripti ya ACE yenyewe badala ya kutegemea ya chuo cha jamii. Kwa hiyo barua yako iandike nakala mbili leo hiihii: moja kwa msajili wa chuo unachoanza, na nyingine kwa ofisi ya uhamisho ya chuo kikuu unachokitaka. Majibu yakitofautiana, lifuate la chuo kikuu, kwa kuwa ndicho kitakachokupa shahada.