Mjadala: "Decimate" ni mmoja kwa kumi, au ni shamba zima?

Wadau wa Kisumu na viunga vyake, naomba tuamue hili.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Insha yake ya Kiingereza ilihusu mafuriko ya Mto Nyando yalivyoingia kwa bibi yake huko Ahero, na akasema maji yali"decimate" mpunga, yaani yaliuangamiza. Mwalimu akalizungushia neno kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Asilimia 10 tu?" Alama ikakatwa.

Najua mwalimu kaitoa wapi. Kwa Kilatini "decem" ni kumi, na jeshi la Roma likitaka kuadhibu kikosi kilichoasi lilipiga kura: katika kila askari kumi, mmoja anauawa, tena na wenzake tisa. Sawa. Lakini Desemba nayo imetoka kwenye kumi hiyo hiyo, kwa kuwa mwaka wa Warumi wa kale ulianza Machi. Mbona mwalimu hadai likizo ya Krismasi mwezi wa 10?

Shamba lenyewe nililiona. Majaruba yote yalikuwa ziwa. Kilichobaki ni kipande karibu na tuta, mpunga umelala topeni.

Ila sitetei kila uholela. Mtu akisema mzee wa baraza alikuwa "disinterested" kwa sababu alisinzia, nakereka. Huyo ni mtu asiye na maslahi kwenye kesi. Akiwa macho au amelala ni habari nyingine.

Mstaafu wa Milimani: Unachagua panapokufaa. Karne ya 17 "disinterested" lilikuwa tayari linatumika kwa maana ya asiyejali. Mzee wako anayesinzia ana haki yake.

Mwanafunzi wa sheria: Njooni kwenye "moot". Kwa Waingereza, hoja ya namna hiyo bado inajadilika. Kwa Wamarekani imepitwa na wakati, hata ukishinda haikusaidii. Mahakamani kwetu utasikia hiyo ya Marekani, huku chuoni mashindano ya kesi za kuigiza yamebaki na ya Uingereza. Wakili asiposema anakusudia ipi, mteja ndiye anaumia.

Mwanzisha mjadala: Mstaafu, hapo umenikamata. Lakini alama ya mtoto bado naidai.

Kondakta wa Kondele: Nyinyi na Warumi wenu. Kwani bibi alipanda tena?

Mwanzisha mjadala: Nusu tu. Miche haikutosha.