Naomba ushauri: bodi ya Neo Geo MVS kwenye televisheni ya nyumbani

Ndugu wanachama, habari za wakati huu. Naomba msaada wenu kuhusu bodi ya Neo Geo MVS (mfumo wa michezo ya video wa kampuni ya SNK kwa ajili ya mashine za kumbi) yenye nafasi moja ya katriji, aina ya MV-1FZ, niliyoinunua ikiwa tayari imegeuzwa ili ichezwe nyumbani. Niliichagua kwa sababu katriji zake, zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine za kumbi za michezo, kwa kawaida hupatikana kwa bei nafuu kuliko zile za AES, yaani Neo Geo ya nyumbani.

Bodi inawaka na michezo inaanza vizuri, lakini kwenye televisheni yangu ya chogo, kupitia tundu la SCART (la kuingizia picha na sauti), sehemu nyeupe zinang'aa kupita kiasi hadi nyuso za wapiganaji hazionekani, na picha hutetemeka kila mwanga mkali unapotokea. Nimepima umeme kwa mita nikakuta volti 5 kwenye kiunganishi cha JAMMA (kile cha kuunganishia bodi na mashine ya kumbi), na nimesafisha pini za katriji kwa spiriti. Betri ya akiba, ambayo katika bodi hizi huvuja na kula njia za shaba, ilikwisha kuondolewa. Nilipofungua kasha niliona nyaya za nyekundu, kijani na buluu zimelehemiwa moja kwa moja hadi kwenye SCART bila rezista (kipinga umeme) hata moja, ilhali tundu hilo hutarajia takribani volti 0.7 kwa kila rangi.

Je, rezista za omu ngapi zinafaa kwenye kila waya wa rangi? Na waya wa ulandanishi wa picha (sync) nao unahitaji ya kwake? Sitaiwasha tena kabla ya kupata majibu yenu, kwa maana televisheni hii ikiungua sitaipata nyingine kirahisi.