Mazoezi mbele ya TV jioni, yanahesabika?

MamaDuka_Kawempe: Habari za jioni ndugu zangu. Nauza dukani Kikuubo, hapa Kampala, kutwa nimekaa kwenye stuli, na taxi ikishapita foleni ya Bwaise giza limeingia. Kukimbia barabarani saa hizo siwezi, na hela ya gym ndiyo karo ya watoto. Kliniki wameniambia presha imeanza kupanda, niupe mwili kazi. Nafasi yangu ni saa tatu usiku, taarifa ya habari ikianza. Nikifanya mazoezi huku natazama, yatanisaidia? Sebule ni ndogo, na nikichuchumaa magoti yanauma. Mume wangu anasema mazoezi ni ya uwanjani.

Kijana_Bombo: Yanahesabika dada. Mkumbushe shemeji Aprili 2020, tulipofungiwa ndani kwa korona: Rais Museveni, miaka 75, alionekana kwenye video akikimbia ndani ya ofisi, peku, kisha akapiga pushapu 30.

Muuguzi_Arua: Pole dada, na hongera kwa kuuliza mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Zamani walitaka kila kipindi kifike dakika 10 mfululizo. Mwongozo wa 2020 uliondoa sharti hilo. Kwa hiyo hata dakika chache za matangazo ya biashara zinaingia kwenye hesabu. Nusu saa kwa siku 5 tayari ni 150.

Jipime hivi: uweze kuongea, lakini wimbo ukushinde. Kama bado unaimba, ongeza mwendo.

Magoti yakiuma usichuchumae hadi chini. Keti kwenye kiti cha mezani, inuka bila kujishika, rudi polepole. Pushapu zipige ukutani. Na tafadhali usibane pumzi unaposukuma, presha hupanda ghafla. Kifua kikibana au ukiona kizunguzungu, acha, nenda kliniki. Dawa kama umeandikiwa, endelea nazo.

BabaMapacha: Mimi TV naipinga. Mtu akinogewa na tamthilia anasahau mgongo, anainama ovyo, kesho analia kiuno.

Muuguzi_Arua: Hapo una hoja, Baba. Habari zikisomwa, atembee papo hapo akiinua magoti kadiri asivyoumia. Kunyanyua vitu angoje matangazo, macho yawe kwenye kazi.

Dada_Jinja: Vyuma usinunue. Jerikeni ya lita 5 ikijaa maji ni kilo 5, anza na nusu. Vaa raba, saruji inaumiza visigino. Waite na watoto. Wangu sasa ndio wananikumbusha. Umeme ukikatika washa redio, uendelee.

MamaDuka_Kawempe: Banange, asanteni sana. Nimemsomea mume wangu, amesema ataleta jerikeni yake tufanye wote! Swali moja: nile kwanza au nisubiri? Kwetu usiku ni matooke na mchuzi wa karanga, chakula kizito.

Muuguzi_Arua: Fanya kwanza, ule baadaye. Njaa ikikuzidi, ndizi mbivu moja inatosha. Ukishakula matooke, acha upite muda wa kama saa mbili, na hapo itakuwa saa ya kulala, dada.